Nilivyochuma Majani Chini ya Bahari

Kwenye fomu, mahali palipoulizwa kama najua kuogelea, niliandika: "Ndiyo, sana."

Naomba nilieleze kosa hilo mwenyewe kabla jirani yangu Mama Moraa hajawaeleza, maana yeye ataliongezea chumvi. Nilipokuwa darasa la tano, kwetu Konoin, nilivuka mto Itare wakati wa mafuriko nikiwa nimeshika mkia wa ng'ombe wa baba. Tulifika ng'ambo salama, na tangu siku hiyo nimejihesabu mtu wa maji. Imenichukua zaidi ya miaka arobaini kugundua kwamba aliyeogelea ni ng'ombe. Mimi nilikuwa mzigo.

Fomu ilitoka kwa binti yangu Cherono, mtoto wangu wa pekee. Kazi yake ni kuingia baharini na mtungi wa hewa mgongoni, kukaa huko chini saa nzima, na kupiga picha wanyama wa baharini. Ameifanya Misri, Indonesia, Meksiko na nchi nyingine ambazo mimi nazijua kwa samaki wake tu. Picha zikifika kwa simu yangu huwa namjibu kwa swali moja: "Umekula?" Kuna wiki alinitumia nyangumi akiwa na mtoto wake, picha ambayo nasikia ilitembea dunia nzima. Nikamwuliza kama amekula. Akanijibu, "Nani, mimi ama nyangumi?"

Sasa sababu ya safari. Mimi si mtu wa kutoka. Kericho mjini naenda mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili narudi na kichwa kinauma. Hapa Chepseon nina shamba la chai aliloniachia marehemu mume wangu, na nina goti la kulia ambalo daktari ameliamuru lisibebe kikapu tena. Shemeji yangu Joel, mdogo wake marehemu, alipata habari za goti kabla mimi sijafika nyumbani kutoka hospitali. Alikuja akaketi, akanywa vikombe viwili, halafu akasema kwa upole ule wake wa siku za mazishi:

"Shemeji, kama hakuna mtoto wa kushika hii chai, si tuing'oe tu tupande mikaratusi? Miti haina kazi. Unaiangalia tu ikienda juu."

Akaniambia ukoo utaketi kabla ya Krismasi kulizungumza. Yaani tayari alikuwa amewaambia.

Nilimpigia Cherono. Wakati huo alikuwa Pwani, kusini ya Mombasa, kwa hifadhi moja ya bahari. Nilimwambia arudi nyumbani ashike shamba la baba yake. Akasema, "Mami, njoo siku tano uone kazi yangu. Uingie na mimi majini hata mara moja. Ukishaona, ukiniambia nirudi, nitarudi. Sitabishana."

Mnanijua ninavyojua kusema. Niliona hiyo kesi nimeishinda kabla ya kuipeleka kortini. Nikajaza fomu.

Chepseon, Jumapili, baada ya kanisa. Daktari alikuwa amenipima presha na mapafu, akasema yote ni mazuri kuliko goti. Nilifunga mzigo: nguo, Biblia, majani ya chai ya nyumbani, na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwa mkaa, kilichokaa wiki mbili, kwa sababu mtoto hawezi kuishi kwa chumvi peke yake. Mama Moraa alikuja kupokea maagizo. Yeye ni wa kutoka Kisii; mume wake alikuja kufanya kazi kwa mashamba makubwa ya chai, wakanunua kipande hapa kando yangu, na tumekuwa tukigombania mpaka na kukopana chumvi tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Ndiye angenichumia nikiwa safarini.

"Mama Cherono, unaenda bahari na hilo goti?"

"Majini goti halibebi kitu."

"Na ukizama?"

"Cherono atakuwa hapo."

"Cherono ni wa kupiga picha," akasema. "Wewe zama polepole, usimharibie."

Nairobi, Jumanne, saa moja asubuhi. Nililala kwa binamu yangu huko, nikaamkia kituo cha treni. Pale kituoni abiria huambiwa wapange mizigo yao chini kwa mstari mmoja, wasimame kando, kisha mbwa wa polisi anapita akinusa mfuko mmoja baada ya mwingine. Mbwa alipita mifuko ya watu wote kama askari anayekagua gwaride. Alipofika kwa wangu aliketi.

"Hii ni ya nani?" askari akauliza.

Nilinyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nilifungua mfuko mbele ya watu wote, nikatoa kibuyu, nikaondoa kifuniko. Kwa bahati askari alikuwa wa kwetu. Alivuta harufu, macho yakalainika, akasema, "Hii ni ya wiki mbili." Mbwa bado alikuwa ameketi. Nadhani na yeye alikuwa anangoja kikombe.

Mombasa, alasiri. Nilishuka na sweta. Kuna joto la aina tofauti huko, joto la kuingia mfukoni. Cherono alikuwa amesimama mahali watu wanapotokea, amekuwa mweusi zaidi na mabega yamepanuka kama ya mpasua mbao. Alinikumbatia, akanivua sweta mwenyewe, akaifungia kwa mfuko wake, na sikuiona tena mpaka siku ya kurudi. Tulivuka feri Likoni, tukasafiri mpaka giza karibu liingie, tukafika kwa kijiji kidogo ambapo amepanga chumba kimoja. Nilitafuta jikoni. Nikaona jiko la gesi la duara moja, sufuria moja, na kamera tano zimepangwa juu ya kitambaa safi kama vikombe vya wageni.

"Na sahani?" nikauliza.

"Mami, sahani iko. Nilikuwa natumia."

Jumatano, bwawa la hoteli. Mwalimu wangu alikuwa Bakari, mtu mzima wa hapo kijijini, mpole, na ndiye anayeongoza wapiga mbizi ndani ya hifadhi. Alikuwa amesoma fomu yangu na ameifurahia. Alinivalisha suti ya mpira, ambayo kuiingia ilikuwa kazi ya watu watatu na maombi, akaniweka upande wa maji marefu, akasema, "Haya mama, tuonyeshe kidogo tu. Mpaka pale na kurudi."

Nilienda. Lakini nilienda chini. Nilikuwa nimeangalia juu, nikaona miguu ya Bakari ikija.

Alipokwisha kunitoa na mimi nikamaliza kukohoa, aliuliza kwa adabu, "Mama, huko kwenu mnaogelea mtindo gani?"

"Wa ng'ombe," nikasema, na nikamweleza yote.

Bakari aliketi kando ya bwawa akacheka mpaka akashika mbavu. Cherono hakucheka. Alikuwa ameweka mikono kichwani. "Mami! Uliandika 'sana'!"

"Nilijua utanizuia."

"Basi nitakuzuia sasa."

Ni Bakari aliyenitetea. Alisema mtu wa kuzama bila wasiwasi ni rahisi kufundishwa kuliko mtu wa kuogelea kwa wasiwasi, na kwamba atanishika mkono mwenyewe muda wote, mahali pasipo na kina kirefu. Tulirudi bwawani siku hiyo na Alhamisi yote. Nilijifunza kupumua kwa mdomo na kuisahau pua, ambayo ni kazi ngumu kwa mtu aliyeishi nayo miaka hamsini na nne. Nilijifunza kumeza mate masikio yakiziba, kama yanavyoziba ukipanda Limuru. Na nilijifunza sheria, ambayo Bakari alinirudishia mara nyingi mpaka nikaona ananidharau: "Mama, huko chini hatugusi kitu. Tunatazama. Hatugusi."

"Nimesikia, Bakari. Sijaanza uziwi."

Alhamisi jioni Cherono alinieleza kazi iliyomleta pale. Kuna samaki mkubwa anayeitwa tewa, mwenye midomo minene na uso wa mtu aliyeamshwa mapema. Huyo tewa akitaka kusafishwa huenda kwa jiwe fulani, anafungua mdomo, na samaki wadogo wenye mistari ya buluu wanaingia ndani wanamtoa uchafu kwenye meno. Tewa hawali wale wadogo. Angeweza kuwameza wote kama maharagwe, lakini anatulia. Cherono alitaka picha moja ya samaki mdogo akiwa ndani ya ule mdomo uliofunguka wote, ameangalia nje. Amekuwa akimngojea tewa huyo wiki sita. Mvua ilikuwa karibu, na mvua ikianza maji yanachafuka, na waliomwagiza hiyo picha hawangengoja. Akiikosa, kazi ya mwaka ujao, ya kuzunguka bahari tatu, ingepewa mtu mwingine.

"Wiki sita," nikasema. "Samaki mmoja."

"Na bado hajafungua vizuri."

Nilimwonea huruma, lakini pia nilihesabu moyoni: hoja yangu ya kwanza ya kumrudisha nyumbani nimeipata.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, baharini. Tuliingia majini kwa kurudi nyuma, kama mtu anayeanguka kutoka kwa stuli. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba huko chini hakuna anayekusalimia. Kwetu huwezi kupita nyumba tatu bila kuulizwa unatoka wapi. Huku nilipita katikati ya mamia, wa manjano, wa zambarau, mmoja wa duara kama chapati, na hakuna aliyegeuza shingo. Kasa alinipita na uso wa mzee wa kanisa anayechelewa mkutano. Nilikuwa nimefungiwa kamera ndogo mkononi, nikawa napiga. Baadaye tulikuja kuona: kidole changu, kidole changu, maji, mguu wa Bakari, kidole changu, na kasa nusu, ile nusu ya nyuma.

Tukafika kwenye jiwe. Cherono alikuwa ametangulia, na hapo ndipo nilimwona binti yangu akifanya kazi kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelala hewani, nitasemaje tena, hajagusa chini wala juu, hatikisiki, kamera kubwa mbele ya uso. Viputo vyake vilikuwa vinatoka vidogo vidogo kama vya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mbele yake samaki walikuwa wamepanga foleni. Nawaambia foleni! Kama ya kituo chetu cha kupimia majani, kila mtu na zamu yake. Kulikuwa na mmoja mwenye madoa aliyejaribu kupita wenzake, na wakamfukuza. Nilimjua huyo mara moja. Anafanana na mtu fulani wa kituo chetu ambaye sitamtaja, na ambaye anasoma haya akijifanya si yeye.

Kisha tewa akaja. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya jiwe, akatulia, na taratibu akaanza kufungua mdomo.

Kando yangu kulikuwa na kichaka. Ndivyo nilivyokiona, kichaka cha kimo cha magoti, juu kimesawazika kama chai iliyotunzwa vizuri, na kila ncha ina vidole vitatu laini vya kijani kinachokaribia njano, viwili kando na kimoja katikati, vimesimama vinangoja. Macho yangu yalikuwa kwa tewa. Vidole vyangu havikuniuliza. Mkono wa kulia ulienda, ukashika ncha kwa kidole gumba na cha shahada, ukavunja. Wa kushoto ukafuata. Ukavunja. Na nikatupa nyuma ya bega, kwa kikapu, na zile ncha zikagonga mtungi wa hewa.

Nilichuma mara tatu kabla Bakari hajanishika mikono yote miwili. Alinivuta kwa nguvu, mtungi wangu ukagonga jiwe, kong! Foleni yote ikapotea. Tewa akafunga mdomo, akageuka, akaenda zake.

Cherono aligeuka polepole. Ndani ya ile miwani niliona macho yake tu, na yalinitosha.

Tulirudi kwenye boti, tukavua suti.

"Mami. Umechuma."

"Nimechuma."

"Umechuma nini?"

"Sijui. Yalikuwa yameiva."

Bakari alifungua kiganja. Alikuwa ameokota zile ncha tatu, zimejikunja, zimekuwa ndogo. "Hili si jani, mama," akasema, na hakuwa anacheka. "Ni mnyama. Matumbawe laini. Yamekaa pale pengine tangu huyu Cherono hajazaliwa." Akasema pia ni lazima aripoti. Hifadhi ina sheria, na kama yeye mwenyewe haifuati, nani ataifuata?

Aliripoti. Kabla ya saa nane jibu lilikuwa limekuja: mimi nisiingie tena majini, na aliyenileta pia akae nje siku mbili zilizobaki za kibali chake.

Hapa nakiri kosa la pili, na hili ni baya kuliko la fomu. Nilifurahi kidogo. Si kwa uso. Uso wangu ulikuwa wa matanga. Lakini ndani niliona njia imefunguka yenyewe. Picha hakuna, kazi ya mwaka ujao hakuna, mtoto anarudi Chepseon na mimi sijasema hata neno. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Cherono nje ya chumba na beseni tatu za maji baridi yasiyo na chumvi. Alikuwa anaosha vyombo vyake. Alitoa kila mpira wa kamera unaozuia maji yasiingie, mwembamba kama uzi, akaupitisha kati ya vidole, akautafuta mchanga kwa ncha ya ulimi, akaupaka mafuta, akaurudisha.

"Si umeambiwa huingii?" nikamwuliza.

"Vinaoshwa tu, mami. Uingie usiingie."

Hakusema kwa hasira. Nilimwangalia mpaka akamaliza. Mimi huosha kibuyu changu kwa maji moto, nikakisugua ndani kwa kijiti, nikakipaka mkaa, hata wiki ambayo ng'ombe amekauka na hakuna maziwa ya kutia. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa nini. Ndipo nikaona kwamba mtoto huyu hachezi na maji. Hiyo ni kazi, na mimi ndiye niliyeingia kwa shamba lake na kuvunja.

Nilivaa viatu vya kanisani nikaenda ofisi ya hifadhi. Afisa alikuwa mama wa rika langu, miwani puani, kalamu mkononi.

"Wewe ndiye mama wa majani chai?" akauliza. Nikajua habari imeshatembea.

"Ni mimi. Nimekuja kusema pole, na kusema mmekosea kidogo."

Aliweka kalamu chini. "Tumekosea sisi?"

"Mimi ni mchumaji. Kwetu mtu akileta majani mabaya, karani anamrudishia kikapu chake. Harudishi kikapu cha mtoto wake."

"Na mgeni akiingia shambani kwako akate chai na panga?"

"Namfukuza! Lakini namfukuza yeye. Nitafukuzaje na mtu aliyemwonyesha njia? Huyo mtoto amelala mbele ya samaki mmoja wiki sita na hajagusa hata mchanga. Mwulize Bakari. Makosa ni ya vidole hivi." Nikaviweka mezani kwake, vyote kumi, na rangi yake ya majani isiyotoka.

Aliviangalia kwa muda. Aliuliza nimechuma miaka mingapi. Nikamwambia tangu niolewe. Aliuliza kama nilikuwa nimefundishwa sheria ya kutogusa. Ningeweza kusema hapana, Bakari hakuwepo. Nikasema nilifundishwa mpaka nikaona ninatukanwa.

Hapo midomo yake ilicheza kidogo. "Cherono aende kesho asubuhi," akasema. "Wewe ukitaka kwenda, ubaki juu ya boti. Na mikono ikae mahali nahodha anaiona."

Jumapili, saa ambayo ningekuwa kanisani, nilikuwa nimekalia mikono yangu kwenye boti. Cherono na Bakari walikuwa chini. Mbingu upande wa kusini ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Juu ya maji hakuna cha kuona isipokuwa viputo, mafungu mawili, moja kubwa la Bakari na moja dogo. Nililiangalia lile dogo saa nzima. Sijawahi kuangalia kitu namna hiyo, hata mtihani wake wa mwisho wa shule. Nahodha alijaribu kunichangamsha, nikampa mursik. Alionja, akameza kwa ujasiri.

"Mama, haya maziwa yameharibika."

"Yameiva."

"Basi yameiva sana," akasema, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

Cherono alipotokea hakupiga kelele. Alinipitishia kamera kwanza, kama mtu anayepitisha mtoto mchanga, kisha akapanda. Alibonyeza akanionyesha. Ule mdomo ulikuwa umejaa picha yote, mweupe ndani, na katikati samaki mdogo wa mistari ameangalia nje, ametulia kama mwenye nyumba aliyesimama mlangoni kwake.

Nilitaka kusema kitu kizuri. Nikasema, "Ana meno mabaya."

Cherono akacheka, halafu akaacha. Alikaa kando yangu, maji yanamtiririka. "Haya, mami. Siku tano zimeisha. Mimi nilisema sitabishana. Sema."

Nilikuwa nimekuja na hotuba kutoka nyumbani. Ilikuwa na marehemu baba yake ndani, na goti, na Joel, na mwisho wake nilikuwa nimeupangia machozi. Niliitafuta, nikapata mwanzo tu.

"Krismasi uje," nikasema. "Ukae siku tatu, ule ushibe. Halafu uende kwa bahari zako."

"Na chai?"

"Chai ni yangu. Kwani nimekufa?"

Aliegemea bega langu, na suti yake ikanilowesha gauni lote la kanisani, na mimi nikamwacha.

Jumanne, saa kumi jioni, nyumbani. Mvua ya Kericho ilinipokea Chepseon, nikaikumbatia na sweta yangu. Joel alikuwa kwenye veranda. Alitazama nyuma yangu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani hiyo?"

Nilimwonyesha picha. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Huyu ni wa kula?"

"Si wa kula. Joel, sikiza. Waambie ukoo wasisumbuke kuketi. Kesho naenda kuandika jina la Cherono kwa namba yangu ya mkulima pale kiwanda cha chai, la pili baada ya langu, awe mrithi. Mikaratusi panda kwako, uiangalie ikienda juu."

Alimaliza chai yake, sitasema hakumaliza, lakini hakuomba ya pili.

Mkiniuliza nilijifunza nini, ni hili. Maisha yangu yote mkono wangu umekuwa ukienda kwa kitu kizuri na kukivunja, na ndivyo nilivyomlisha mtoto. Yeye anaishi kwa kufika karibu kabisa na kitu kizuri na kukiacha pale kilipo. Sikujua hiyo ni kazi. Wala sikujua ni ngumu hivyo, mpaka nilipojaribu na mimi, kwa mtoto wangu mwenyewe, pale kwenye boti.

Goti halijapona. Jioni hiyo hiyo Mama Moraa alikuja na kikapu kitupu kuniambia shamba lilivyokuwa. Nilimmiminia chai, nikamweleza yote, fomu, mbwa, kuchuma, ofisi, mdomo wa tewa, jibu nililompa Cherono. Nikamwuliza kama atakubali kuchuma upande wangu tukigawana nusu kwa nusu, kwa kuwa mtoto haji. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiangalia picha kwa muda mrefu, akanirudishia simu.

"Nitachuma," akasema. "Lakini hebu nikwambie, Mama Cherono. Mtoto amebaki kwa maji, goti limerudi vile lilienda, na Joel amekasirika. Kwa hiyo safari yote ni huyu samaki peke yake amepata kitu: ameoshwa meno."